Maji Yaliyo Ndivani: Kasoro Moja ya Kusoma Faili na Namna Ilivyorekebishwa

Mji wa Same umekaa chini ya Milima ya Pare, upande usiojaliwa mvua nyingi. Mvua huangukia zaidi milimani, ambako kilele cha Shengena hufikia mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Wapare walilikabili tatizo hilo tangu kale kwa kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya vijito. Usiku ndiva hujaa polepole. Kunapopambazuka mlango wake hufunguliwa, na maji yote hushuka mferejini kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya mbali. Kama kijito kingeachwa kitiririke chenyewe, udongo mkavu ungeyanywa maji yake njiani.

Kompyuta nayo ina ndiva yake. Makala haya yaeleza jinsi ndiva hiyo ilivyosababisha kasoro iliyowasumbua wataalamu mwaka 2023, na mafunzo ambayo mwalimu na mwanafunzi waweza kuyapata humo.

Kwa nini data hukusanywa kwanza

Mtu anapohifadhi faili, data haiendi moja kwa moja kwenye diski. Diski ni nzito wa mwendo ikilinganishwa na kumbukumbu ya ndani ya kompyuta. Kwa hiyo sehemu ya mfumo wa uendeshaji iitwayo mfumo wa mafaili huipokea data kwanza katika kumbukumbu, huikusanya pamoja na nyingine, kisha huimwaga diskini kwa mkupuo. Katika mfumo uitwao ZFS, kwa kawaida mkupuo hufanyika kila baada ya sekunde 5 hivi, au mapema zaidi kazi inapokuwa nyingi.

ZFS ilianza kutungwa mwaka 2001 katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens. Mwaka 2005 maandishi ya programu yake yalifunguliwa ili kila mtu ayasome na kuyarekebisha. Leo huendelezwa kwa jina la OpenZFS, na hutumiwa hasa katika kompyuta kubwa zinazotunza kumbukumbu za watu wengi.

Mapengo ndani ya faili

Faili nyingine huwa na sehemu ndefu zisizo na kitu ila sufuri. Ili kuokoa nafasi, mfumo wa mafaili hauziandiki sufuri hizo. Huweka alama tu kwamba hapa pana pengo. Programu za kunakili zimejifunza kuufaidi utaratibu huo. Kabla ya kusoma, huuliza: "Data inaanzia wapi katika faili hii?" Zikiambiwa kuwa mahali fulani ni pengo, huliruka na kuacha pengo kama hilo katika nakala.

Swali hilo ni jepesi kwa faili iliyokwisha kutulia diskini. Lakini je, faili ambayo data yake ingali ndivani? Hapo mfumo wapaswa kuchunguza kama faili ina mabadiliko yasiyoandikwa bado. Ikiwa nayo, usubiri mpaka yaandikwe, ndipo ujibu.

Kasoro ilipojificha

Tuchukue mfano. Mlinzi wa ndiva ana alama mbili za kumjulisha kwamba shamba fulani bado lasubiri maji: jina la shamba katika orodha yake, na maji yenyewe yaliyomo ndivani. Anapoanza kazi ya kufungua mlango, hulifuta jina orodhani. Mara hiyo mjumbe anafika na kuuliza kama kuna shamba linalosubiri. Mlinzi anaitazama orodha peke yake na kujibu, "Hakuna." Mjumbe anakwenda shambani, anakuta pakavu, na kuandika kwamba shamba hilo halikupewa maji. Maji yalikuwapo, yalikuwa njiani.

Ndivyo ilivyotokea. ZFS ilikuwa na alama mbili za mabadiliko: moja kwa faili yenyewe, nyingine kwa data yake. Uchunguzi uliangalia moja tu, na kulikuwa na kitambo kifupi mno ambapo alama ya kwanza ilikwisha kufutwa hali ya pili ingalipo. Swali likiulizwa katika kitambo hicho, faili mpya ilionekana haina data yoyote. Nakala ikatoka ikiwa sufuri tupu, na faili ya asili ikabaki nzima.

Mwezi Novemba 2023, mtumiaji mmoja aliyekuwa akiweka programu katika kompyuta yake aliona kwamba baadhi ya mafaili yaliyonakiliwa yalikuwa na sufuri mahali pa data. Shaka ya kwanza iliangukia uwezo mpya wa kunakili uliokuja na toleo la 2.2.0 mwezi Oktoba. Toleo la 2.2.1 likatolewa, uwezo huo umezimwa. Kasoro haikwisha. Watumiaji wakatunga jaribio la kuunda na kunakili mafaili mengi kwa pamoja, kisha kuyalinganisha. Nalo likaonyesha kwamba hata toleo la zamani la 2.1 lilikuwa na ugonjwa huo huo. Dhana ya kwanza ikaanguka, na uchunguzi ukaelekezwa mahali pake.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi: mfumo uangalie alama zote mbili, na ikiwapo hata moja, usubiri. Tarehe 30 Novemba 2023 matoleo ya 2.2.2 na 2.1.14 yalitolewa yakiwa na marekebisho hayo.

Hesabu ya ulinzi haikutosha

ZFS husifiwa kwa kuhifadhi hesabu ya ulinzi kwa kila fungu la data. Mbona hesabu hiyo haikugundua kosa? Tuseme mwalimu ana alama 58, 71 na 64. Jumla ni 193. Nambari moja ikiharibika diskini, jumla hubadilika na kosa hujulikana. Lakini nakala ikiandikwa 0, 0 na 0 tangu mwanzo, jumla inayohifadhiwa pamoja nayo ni 0, na kila ikikaguliwa itaonekana sawasawa. Hesabu hulinda kile kilichoandikwa. Haijui kilichopaswa kuandikwa.

Kompyuta nyingi za shule hutumia mifumo mingine ya mafaili, lakini funzo ni lile lile. Anayenakili alama za kidato kizima asitosheke kuona jina la faili katika diski ya pili. Afungue nakala, ailinganishe na asili, ndipo afute.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kuwagawia wanafunzi watatu kazi: mmoja awe kumbukumbu, wa pili diski, wa tatu mnakili. Wa kwanza ashike karatasi yenye nambari, na jina la faili liandikwe ubaoni. Alifute jina, kisha atembee polepole kumpelekea wa pili karatasi. Mnakili aulize swali lake mara tatu: kabla jina halijafutwa, karatasi ikiwa njiani, na baada ya kufika. Darasa liandike majibu yanayopatikana kwa kutazama ubao na diski tu, kisha lirudie kwa kuangalia pia mikono ya wa kwanza. Wanafunzi wataje ni wakati gani majibu ya awamu hizo mbili yanatofautiana, na waeleze sababu.