Mkufunzi wa Silaha Hapimwi kwa Shabaha Yake

Wengi wanaotaka kuwa wakufunzi wa silaha huanza kwa kuonyesha ushahidi wa shabaha zao: karatasi zilizotobolewa katikati, medali za mashindano, miaka waliyotumikia jeshini. Hayo yote yana thamani, lakini hayajibu swali la msingi. Kazi ya mkufunzi ni kumwezesha mgeni wa bunduki ashike chombo kinachoua, ajifunze, na amalize somo bila kumhatarisha mtu, kisha aendelee kuwa salama hata siku mwalimu hayupo.

Mfumo maarufu wa kuwathibitisha wakufunzi wa raia ni ule wa Marekani unaosimamiwa na chama cha kitaifa cha bunduki, NRA. Siku hizi jina hilo husikika zaidi kwenye siasa, ila chama kilizaliwa kwa ajili ya ufundishaji. William Church na George Wingate, waliolitumikia jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, walikianzisha New York mwaka 1871. Kilichowasukuma ni kuona jinsi askari wengi walivyopelekwa vitani bila kujua kulenga.

Anayetaka cheti kamili cha ukufunzi lazima awe ametimiza miaka 21. Huanza kwa kuthibitisha kwamba anaimudu silaha anayokusudia kuifundisha, iwe bastola, bunduki ndefu au shotigani. Kisha husomea ualimu wenyewe: kupanga somo, kusimama mbele ya darasa, kutumia zana, kumshirikisha kila mwanafunzi badala ya kumhutubia. Hatimaye huingia kozi ya silaha yake, ambako wanaosomea ukufunzi hufundishana wao kwa wao huku mkufunzi wa wakufunzi akiwatazama. Katika mtihani wa maandishi anatakiwa apate asilimia 90 au zaidi. Kiwango hicho ni cha haki kabisa, kwa sababu kila asichokijua mwalimu wa silaha kinaweza kumjeruhi mwanafunzi. Na cheti cha bastola hakimruhusu kufundisha shotigani. Kila silaha ina cheti chake.

Hata hivyo, cheti hicho si leseni ya serikali. Jimbo la Illinois, kwa mfano, humtaka anayeomba kibali cha kubeba bastola iliyofichwa amalize saa 16 za mafunzo kwa mkufunzi aliyeidhinishwa na Polisi wa Jimbo. Huku kwetu, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mtu akirudi na cheti cha Marekani, bado atawajibika kwa sheria hizo kama raia mwingine yeyote.

Yanayofundishwa kwanza ni mambo matatu: mdomo wa bunduki uelekee upande salama wakati wote, kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kufyatua, silaha ikae bila risasi mpaka wakati wa kuitumia. Mtoto wa shule anaweza kuyakariri kwa dakika moja. Ugumu ni kuyafanya yawe mazoea ya mkono, yasiyopotea mtu akichoka, akiogopa au akizungumzishwa.

Chukua mfano wa kuondoa risasi kwenye bastola ya magazini. Mgeni mara nyingi huvuta slaidi kwanza, risasi iliyomo kwenye chemba ikaruka nje, naye akaridhika. Lakini slaidi inaporudi mbele huchukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma ndani. Kisha anatoa magazini, anaiweka mezani, anaamini bastola ni tupu. Si tupu. Utaratibu sahihi ni kutoa magazini kwanza, kuvuta slaidi na kuifungia nyuma, kutazama ndani ya chemba, kisha kupapasa kwa kidole kuhakikisha. Mkufunzi mzuri humfanya mwanafunzi atamke kila hatua kwa sauti anapoitenda, na humrudisha mwanzo akiruka hata moja.

Kwenye uwanja wa shabaha, mkufunzi husimama nyuma kidogo, upande wa mkono unaofyatua, umbali wa kumfikia mwanafunzi. Sababu ni ya kibinadamu: bunduki ikigoma, mgeni hugeuka kumuuliza mwalimu, na mdomo wa bunduki hugeuka pamoja naye. Hapo mkono wa mwalimu unatakiwa uwe umeshafika. Risasi isipolipuka, bunduki hubaki imeelekezwa kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30, maana baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Mlio ukitoka mdogo kuliko kawaida, zoezi husimama papo hapo: huenda risasi imekwama ndani ya mtutu, na ya pili ikiifuata mtutu unaweza kupasuka.

Kuna pia jicho la kutambua kosa. Mwanafunzi ambaye risasi zake zinaangukia chini ya shabaha hulaumu vilengeo. Mkufunzi humchanganyia kwa siri risasi za mazoezi zisizo na baruti. Triga inavutwa, mlipuko hautokei, na mdomo wa bastola unainama wenyewe. Mwanafunzi anajionea kwamba mkono wake ulikuwa ukiukimbia mshtuko kabla haujaja. Kuanzia hapo yuko tayari kusikiliza somo la kuvuta triga taratibu.

Afya nayo imo katika mtaala. Mlio wa bunduki nyingi huvuka desibeli 140, kiwango ambacho pigo moja linaweza kuharibu usikivu, kwa hiyo hakuna anayesogea bila vizuizi vya masikio na miwani. Moshi na vumbi la risasi hubeba madini ya risasi yenye sumu. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto.

Ukitamani kazi hii, anza kwa kuwa msaidizi wa mkufunzi mwenye uzoefu, jifunze sheria ya nchi yako, na ujue kuzuia damu inayomwagika. Kisha jiulize kama unaweza kumsimamisha mwanafunzi aliyelipa ada yake kamili, mwenye cheo au umri mkubwa kuliko wewe, kwa sababu tu amepitisha mdomo wa bunduki mbele ya mwenzake mara ya pili. Anayeweza kumwambia mtu huyo, kwa heshima na bila kuyumba, kwamba leo hafyatui tena, huyo ndiye anayestahili cheti.