Moyo mdogo uliokula barua nzima

Wandugu, leo naeleza jambo dogo lililotuletea kilio nyumbani.

Mdogo wangu amemaliza masomo ya uuguzi, akatafuta nafasi ya staji. Akajaza fomu kwa simu. Mahali pa kujieleza akaandika: «Kazi ya kutunza wagonjwa naipenda sana <3 Nimeshafanya mazoezi mu hospitali mbili...» na kuendelea, mistari kumi na mbili. Siku chache baadaye jibu likafika: hukueleza lolote juu ya uzoefu wako. Mi nikamgombeza kwamba ni mvivu. Kumbe nilimwonea. Tulipofungua ile fomu tena, ilibaki sentensi moja tu: «Kazi ya kutunza wagonjwa naipenda sana». Kuanzia ule moyo, yote yamepotea.

Sababu iko hivi. Kurasa za intaneti zinaandikwa kwa HTML, lugha ambayo Tim Berners-Lee aliitunga kule CERN, Uswisi. Ndani yake alama < inafungua amri na > inaifunga. Ukitaka neno likolee, unaliweka katikati ya <b> na </b>. Msomaji haoni amri hizo, anaona neno limekolea tu.

Sasa, alama za sura tunazochapa zimeitangulia HTML. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza :-) kwa maneno ya mzaha. Hiyo haina shida, haina < ndani. Moyo wetu ndio unao. Mtu anainamisha kichwa anaona moyo. Mashini haiinamishi kichwa, inaona mlango wa amri umefunguliwa.

Mutauliza: kwa nini ifute? Juu ya usalama. Oktoba 2005, kijana Samy Kamkar alificha amri katika ukurasa wake wa MySpace. Kila aliyeutembelea, amri ikajinakili kwake. Kabla siku moja kuisha, kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeambukizwa. Kwa hiyo chujio ni lazima, hapo sibishani.

Lakini chujio na chujio si sawa. Watu wengi wanaotumia lugha ya PHP wanachukua kifaa chake kiitwacho strip_tags. Kikikuta < iliyoshikana na herufi au namba, kinatupa kila kitu mpaka kikute >. Kisipoikuta, kinatupa mpaka mwisho. Ndivyo barua yetu ilivyoliwa. Na la kuchekesha: kwa kanuni za leo za HTML, < ikifuatwa na namba si amri kabisa. Programu ya kusomea kurasa ingeonyesha moyo vizuri tu. Mlinzi ameogopa kitu ambacho mwenye nyumba hakiogopi.

Wenzangu wa informatiki, dawa ipo: musitupe, mugeuze. Hifadhi maneno ya mtu kama alivyoyaandika, halafu wakati wa kuyaonyesha geuza < kuwa &lt; . Msomaji ataona alama ileile, na mashini haitaitii kama amri. Usalama unabaki, na barua ya mtu inabaki.

Na sisi wengine tusiseme hatutumii mioyo. Ukituma muhtasari wa TFC wenye «watoto <5 ans» ao «p<0,05», uko mu hatari ileile. Andika «chini ya», ao acha nafasi baada ya alama. Tunza nakala yako pembeni. Ukishatuma, fungua tena usome kilichofika, si kile unachokumbuka uliandika.

Mdogo wangu nimemwomba radhi. Ametuma tena, bila moyo, na safari hii barua imefika nzima. Jibu tungali tunalingoja.