Gari la gesi: nafuu ipo, lakini isikupeleke uchochoroni

Kila nikifungua buti mbele ya watu, swali ni lile lile: "Sheikh, huogopi kuendesha bomu?" Wa pili huuliza: "Unaokoa pesa ngapi?" Leo nitawajibu wote wawili, kwa sababu majibu yao yameshikana.

Gari langu dogo la petroli lilifungwa mfumo wa gesi mwaka wa 2023, wakati bei ya petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita na kila safari ya Mtwapa ikawa ya kupigiwa hesabu. Gesi yenyewe ni ile ya jikoni: propani na butani, iliyobanwa mpaka ikawa majimaji. Fundi huweka tangi nene la chuma ndani ya buti au mahali pa tairi ya spea. Bomba jembamba hupita chini ya gari hadi mbele, kwenye kifaa kinachopashwa moto na maji ya rejeta. Hapo majimaji hugeuka hewa na kuingia kwenye injini.

Ndiyo maana asubuhi gari huwaka kwa petroli kwanza. Maji yakishika moto, linahamia gesi lenyewe. Petroli kwa hivyo haiondoki kabisa. Mimi siachi tangi lake lishuke chini ya robo, kwani pampu ya petroli hupozwa na petroli yenyewe, ikikauka huungua. Tena vituo vya gesi ya magari bado ni vichache. Ukielekea Malindi au Lamu, hiyo petroli ndiyo akiba yako.

Sasa hesabu. Lita moja ya gesi ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli, kwa hivyo gari hunywa zaidi, kama lita 12 pale ulipokuwa ukitumia 10. Tuchukulie petroli ni shilingi 180 na gesi 110. Kwa kilomita 120, petroli itakula shilingi 1,800 na gesi 1,320. Umebakisha 480, yaani shilingi nne kwa kilomita. Kama fundi alikutoza 80,000, utazirudisha ukishatembea kilomita 20,000. Mwenye teksi atazimaliza upesi. Anayetoka Ijumaa kwenda msikitini na Jumapili kwenda sokoni atangoja miaka. Weka bei za siku yako, upige hesabu kabla ya kumwita fundi.

Matunzo pia yapo. Gesi inataka plagi nzima, na vichungi vyake hubadilishwa kwa wakati. Injini nyingine vali zake huchakaa mapema kwa gesi, basi uliza kuhusu injini yako hasa. Zuri lake ni kwamba oili hukaa safi kwa muda mrefu zaidi. Na buti, kama yangu, hupungua. Gunia la mchele sasa husafiri kwenye kiti cha nyuma kama abiria.

Nirudi kwa anayeuliza kuhusu bomu. Miezi michache baada ya kufungiwa, tulikuwa kwenye foleni ya feri Likoni, tukielekea Ukunda kumjulia hali mama mkwe. Injini nimezima, watoto nyuma. Mke wangu akaniambia, "Bwana, mbona hapa kunanuka kama jikoni?" Moyo ulinishuka. Niliwatoa wote, nikaacha milango wazi, nikaenda kufunga vali ya tangi kwa mkono. Sikugusa ufunguo wala simu. Niliwasihi waliokuwa karibu wazime sigara, na vijana wakanisaidia kulisukuma gari pembeni. Baadaye fundi mwingine alinionyesha kasoro: kiungo kimoja cha bomba kilikazwa nusu nusu. Yule wa kwanza nilimchagua kwa sababu alikuwa rahisi kuliko wenzake.

Gesi haina harufu kwa asili. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili itushtue. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo haipai juu, hutambaa chini na kutulia ndani ya buti, kwenye mtaro au chini ya viti, ikingoja cheche. Ukiinusa, usijiambie itapita.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni kile ninachokiona mitaani: watu kujaza magari kwa mitungi ya jikoni uchochoroni, kwa kuwa kituo kiko mbali. Tangi la gari halitakiwi kupita asilimia 80. Majimaji hutanuka yakipata joto, na jua letu la kaskazi mnalijua. Penye kituo halali, vali ya tangi hukata yenyewe ikifika hapo, na anayejaza amefunzwa. Uchochoroni hakuna anayepima, na jirani anakaanga mahamri hatua kumi kutoka hapo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, mahali palipokuwa pakijaziwa gesi katikati ya nyumba za watu. Waliofariki na walioungua wengi wao walikuwa majumbani mwao. Hawakuwa na gari la gesi, wala hawakuuliza bei.

Basi jibu langu ni hili: naam, naokoa, na silali nikiogopa, lakini si kwa sababu gesi haina hatari. Ni kwa sababu baada ya Likoni nilikubali kulipa zaidi. Fundi awe na leseni, na akuonyeshe, si akuambie. Soma bamba la tangi ujue limetengenezwa mwaka gani. Muombe apake povu la sabuni kwenye kila kiungo mbele yako, uone kama kuna mapovu yanayofura. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi. Na siku kituo kikiwa mbali, tembelea petroli.

Shilingi nne kwa kilomita ni riziki, alhamdulillahi. Lakini waliokaa kiti cha nyuma siku ile ya Likoni ni amana, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuokoa.