Maonyo ya Mipangilio ya Mradi: Jinsi ya Kuyasoma na Kuyafundisha

Kila mwaka, wanachuo waingiapo chumba cha kompyuta kwa mara ya kwanza, tunaona jambo lile lile. Mwanachuo hufungua mradi wa programu alionakili kutoka kwa mwenzake, na kabla hajaandika hata mstari mmoja, alama ndogo ya njano hujitokeza kando ya jina la mradi. Wapo wanaoinua mkono kwa hofu, wakidhani wameiharibu kompyuta. Wapo pia, nao ndio wengi, wanaoitazama alama hiyo, wakanyamaza, na kuendelea na kazi kana kwamba hawakuona kitu. Tunaandika hasa kwa ajili ya kundi hili la pili. Mwalimu aliyezoea kupuuza onyo atawafundisha watoto kupuuza, ingawa jambo hilo halimo katika andalio lake la somo.

Yafaa tuseme mapema kwamba si kusudi letu kumkalisha mtoto wa darasa la nne mbele ya Eclipse. Kwa mtoto huyo Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, inatosha kabisa. Lakini mwalimu atakayeongoza chama cha kompyuta shuleni, au atakayetaka kuwatungia wanafunzi wake programu ndogo ya mazoezi ya kuzidisha, hana budi kujua zaidi ya wale anaowafundisha. Kwa hiyo tutatumia mfano wa Eclipse, mazingira ya kuandikia programu yaliyoanzia katika kampuni ya IBM na kutolewa kwa umma mwaka 2001, pamoja na lugha ya Java, na Maven, chombo kinachoujenga mradi kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa katika faili liitwalo pom.xml.

Kwanza tutofautishe kosa na onyo. Kosa huonyeshwa kwa rangi nyekundu, na maana yake ni kwamba kompaila imeshindwa kuendelea. Onyo huonyeshwa kwa njano, na maana yake ni kwamba kazi imeendelea, ila kuna jambo ambalo chombo chenyewe hakina hakika nalo. Maonyo mengine huhusu mistari ya programu, kama vile jina lililotangazwa kisha lisitumike. Mengine huhusu mipangilio ya mradi mzima: toleo la lugha, mahali zilipo maktaba, na namna herufi zinavyohifadhiwa. Haya ya mwisho ndiyo yanayowasumbua wanaoanza, kwa sababu hayaelekezi kwenye mstari wowote walioandika wao.

Chukueni mfano ulio maarufu kuliko yote. Mwanachuo ana kompyuta yenye Java 17, toleo lililotoka mwaka 2021. Anafungua mradi wa Maven wa miaka iliyopita, na katika dirisha la matatizo anakuta onyo kwamba mradi unataka mazingira ya J2SE-1.5, na kwamba hakuna Java iliyowekwa katika kompyuta ile inayolingana nayo sawasawa. Hiyo 1.5 ni Java 5, iliyotolewa mwaka 2004. Mwanachuo anashangaa, kwa kuwa hakuna mtu chuoni aliyepata kuitumia. Imetoka wapi?

Imetoka katika ukimya. Aliyeutunga mradi hakuandika katika pom.xml ni toleo gani la Java linalotakiwa. Maven ikikosa kuambiwa hutumia kiasi chake cha kawaida, na kwa miaka mingi kiasi hicho kilikuwa 1.5. Eclipse nayo ilisoma agizo hilo, ikatafuta Java 5 katika kompyuta, isiione, ikachukua iliyopo, kisha ikaandika onyo. Hakuna kilichoharibika, na hakuna aliyekosea katika programu yenyewe. Hata hivyo chombo kimesema kweli, nasi hatukukisikiliza.

Sasa tuone hasara ya kutosikiliza. Mwanachuo wetu anaendelea kuandika. Anataka programu ichague jibu kwa kulinganisha maneno: mtumiaji akiandika «jumlisha» ifanye hivi, akiandika «toa» ifanye vile. Uteuzi wa namna hiyo kwa maneno uliingizwa katika Java 7, mwaka 2011. Eclipse, ikidhani kwamba inatumikia Java 5, inaukataa mstari huo kwa rangi nyekundu. Mwanachuo anautazama mstari, anaulinganisha na kitabu, anaona uko sawa herufi kwa herufi. Anaufuta na kuuandika upya. Tumemwona mmoja akiuandika mara nne, na kipindi kikaisha. Kosa lake jekundu lilikuwa na mzizi katika onyo la njano lililokuwapo tangu asubuhi, na mwalimu aliyemsimamia (twakiri kwamba alikuwa mmoja wetu) alikwenda moja kwa moja kwenye kile chekundu.

Na hata asingeutumia uteuzi huo, taabu ingalimngoja mbele. Eclipse ina kompaila yake yenyewe, nayo imekuwa mvumilivu kwa matoleo ya zamani. Maven huita kompaila iliyokuja pamoja na Java yenyewe, na hiyo iliacha kuipokea 1.5 tangu Java 9 ya mwaka 2017. Kwa hiyo programu inaweza kwenda vizuri ndani ya Eclipse, kisha ikakataliwa siku ya kuijenga kwa Maven ili ipelekwe katika kompyuta za shule. Siku hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote za kujifunza maana ya onyo.

Dawa yake ni fupi, lakini lazima iwekwe mahali pake, na hapa ndipo penye somo kubwa kwa mwalimu. Wengi hufungua sifa za mradi ndani ya Eclipse, wakabadilisha 1.5 kuwa 17, wakaona alama ya njano imetoweka, wakafurahi. Kesho yake, mradi ukisomwa upya kutoka pom.xml, 1.5 inarudi, na onyo pamoja nayo. Hawakukosea namba, walikosea mahali. Katika mradi wa Maven, mwenye kauli ni pom.xml, na Eclipse hunakili tu. Kwa hiyo yapasa kufungua pom.xml na kuandika katika sehemu ya sifa thamani mbili, maven.compiler.source na maven.compiler.target, zote zikiwa 17, kisha kuhifadhi faili. Baada ya hapo uchague mradi na kubonyeza Alt na F5 pamoja ili Eclipse iusome upya. Onyo litaondoka na halitarudi. Mwanafunzi aulizwe: «Nani aliyeandika habari hii kwa mara ya kwanza?» Akilijua jibu, amekwisha kujua pa kusahihisha.

Onyo la pili tunalipenda kwa sababu linahusu lugha yetu wenyewe. Tangu toleo la Juni 2022, Eclipse huonya iwapo mradi haukutaja usimbaji wa herufi, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa namba zinazohifadhiwa katika faili. Mwanachuo husema, «Kiswahili hakina herufi za ajabu, hili halituhusu.» Karibu amesema kweli. Lakini tuna ng'ombe, ng'ambo na ng'aa. Kistari kile cha juu kikiwa kimenyooka, kama kilivyo kwenye kibodi, hakuna shida, kwa kuwa usimbaji wote wa kawaida hukihifadhi kwa namba moja. Neno likinakiliwa kutoka katika hati iliyoandaliwa kwa programu ya kuandikia barua, mara nyingi kistari huwa kimepindwa. Katika usimbaji wa UTF-8, kistari kilichopindwa huchukua nafasi tatu. Faili hilo likifunguliwa katika kompyuta inayotumia usimbaji wa zamani wa Windows, nafasi hizo tatu husomwa kama herufi tatu mbali mbali, na ng'ombe wetu huonekana kama ngâ€™ombe. Jaribio hili linafaa sana darasani. Watoto hucheka, na baada ya kucheka huuliza kwa nini, na mwalimu hahitaji kuwashurutisha wasikilize.

Dawa hapa pia ni kutaja kile kilichonyamaziwa. Katika mradi wa Maven huandikwa project.build.sourceEncoding yenye thamani UTF-8, ndani ya sehemu ile ile ya sifa katika pom.xml. Lakini kuna tahadhari moja. Kutaja usimbaji hakuyageuzi mafaili yaliyokwisha kuandikwa, kunasema tu jinsi ya kuyasoma. Ikiwa mafaili ya zamani yaliandikwa kwa usimbaji mwingine, herufi zake maalumu zitavurugika badala ya kutengenea. Kwa hiyo nakala ya mradi ifanywe kwanza, na mafaili mawili matatu yakaguliwe kwa macho.

Kuhusu maktaba zilizopotea hatutasema mengi. Mradi ukichukuliwa kwa kinyonyi cha kuhifadhia data kutoka kompyuta moja hadi nyingine, huku anwani ya maktaba ikiwa imeandikwa kwa ukamilifu kuanzia herufi ya diski na jina la mtumiaji, ni dhahiri kwamba anwani hiyo haitakuwapo huko iendako. Maktaba iwekwe ndani ya folda ya mradi, au itajwe katika pom.xml.

Je, kuna maonyo yanayoweza kunyamazishwa? Yapo. Eclipse yenyewe humruhusu mtumiaji kuliamuru onyo la aina fulani liwe kosa, libaki onyo, au lisionyeshwe kabisa. Katikati ya somo, jina lililotangazwa na ambalo bado halijatumika si jambo la kulipigia kelele. Hata hivyo maonyo ya mipangilio tusiyanyamazishe mbele ya wanafunzi kabla hatujaweza kueleza kwa sentensi moja yanasema nini.

Kwa mazoezi ya kufundisha, tunapendekeza mwalimu auharibu mradi mwenyewe kabla ya kipindi: aziondoe zile thamani mbili za toleo, kisha awape wanachuo wawili wawili. Kila jozi isome onyo kwa sauti, iandike katika daftari maneno yake yote, aina yake, na faili linalotajwa, kisha ikisie chanzo kabla ya kugusa kitu. Wabadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, waujenge mradi upya, na wahesabu maonyo yaliyobaki. Mradi huo ujengwe ndani ya Eclipse na kwa Maven pia, kwa sababu tofauti ya majibu ya vyombo hivyo viwili ndiyo inayoleta maswali mazuri. Dakika 80 zinatosha, iwapo kompyuta zimekwisha kuwashwa na kukaguliwa kabla wanachuo hawajaingia.