Kamba nyembamba inayobeba ukweli wa jahazi

MTALII anayetembea katika ufuo wa Shanzu, kaskazini mwa Mombasa baina ya Bamburi na mkondo wa Mtwapa, hukutana na vinyago, vikoi, shanga na vijahazi vya mti. Akipendezwa na kijahazi, hulipapasa tumbo lake na kulitazama tanga. Kamba huzitazama mwisho, pengine asizitazame kabisa.

Hata hivyo, kamba ndizo zinazofichua kama fundi aliyekitengeneza anakijua chombo chenyewe au ameiga umbo tu.

Hesabu yake si ngumu. Jahazi la urefu wa mita 15 likipunguzwa mara 30, huwa kijahazi cha sentimita 50. Kila kilichomo sharti kipunguzwe kwa kipimo hicho hicho. Henza, yaani kamba nene ya kupandishia tanga, ikiwa na kipenyo cha milimita 36, katika kijahazi itakuwa milimita 1.2. Demani ya milimita 24 itakuwa milimita 0.8.

Fundi anayefunga kamba ya nailoni ya milimita 4 kwenye chombo hicho huwa, pasipo kujua, ameweka kamba ya sentimita 12. Hakuna baharia ambaye angeweza kuishika kamba kama hiyo kwa kiganja.

Uzi mtupu wa cherehani nao hautoshi. Kamba halisi ina mifereji inayozunguka mwili wake, na jicho huitambua kwa mifereji hiyo. Kwa sababu hiyo, fundi makini huisokota kamba yake mwenyewe.

Kanuni anayoifuata ni ile ile inayotumiwa na wasokotaji wa kamba za makumbi katika mwambao. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi kadhaa, kisha hufukuliwa na kupondwa hadi usumba ukajitenga. Usumba husokotwa uwe uzi, na nyuzi zikaunganishwa kuwa kamba.

Siri iko katika mielekeo miwili inayopingana. Kila pote, yaani kila mojawapo ya nyuzi zinazounda kamba, husokotwa upande mmoja. Pote hizo zikiunganishwa, husokotwa upande wa pili. Kila pote hutaka kufumuka, lakini kwa kufumuka kwake huzidi kuibana kamba. Nguvu hizo mbili zikilingana, kamba hutulia.

Kwa kamba ya kijahazi, fundi huhitaji ubao wenye kulabu tatu zinazozunguka pamoja, na kulabu moja upande wa pili iliyowekwa kwenye kigari kinachosogea. Nyuzi tatu za pamba au kitani hufungwa kwenye kulabu tatu, na ncha zake nyingine hukusanywa kwenye ile moja. Katikati huwekwa kipande cha mti chenye umbo la pia na mifereji mitatu, ili pote zisigusane kabla ya wakati wake.

Kulabu zikizungushwa, nyuzi hukazika na kufupika, zikakivuta kigari. Kisha kile kipande cha mti huanza kusukumwa na kamba inayojifunga nyuma yake. Mwishowe kamba huwa fupi kuliko nyuzi zilizoanza, kwa hivyo fundi hukata nyuzi ndefu kuliko anavyohitaji.

Kosa la kawaida hutokea mwanzoni kabisa. Uzi wa dukani huwa tayari umesokotwa kiwandani. Fundi akiuzungusha kinyume cha msokoto huo, huwa anaufumua badala ya kuukaza, na kamba hutoka legevu yenye manyoya. Kwanza inampasa autazame uzi kwa kioo cha kukuzia, aujue upande wake, kisha aendeleze msokoto kuelekea huko huko.

Kamba ikishakamilika hunyoshwa na kupakwa nta kidogo ya nyuki ili nyuzi zinazochomoza zilale. Haifai kukunjwa, kwani alama za mikunjo haziondoki kwa urahisi. Huzungushwa kwenye kigurudumu cha mti chenye kingo mbili, kilichokerezwa kutokana na masalio ya mbao. Kiini cha kigurudumu hicho kisiwe chembamba mno, la sivyo kamba hujipinda na kukataa kunyooka inapofungwa mlingotini. Kila unene huwa na kigurudumu chake kilichoandikwa kipimo, ili henza isije ikafungwa mahali pa demani.

Huenda mtu akauliza faida ya taabu yote hii kwa bidhaa ya kuuziwa wageni. Jibu linapatikana katika habari za mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha mwambao huu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, wala hazikupigiliwa misumari. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza. Mitepe iliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ikatoweka. Waliobaki nyuma wanaijua kwa picha, kwa maelezo ya walioiona, na kwa mifano midogo kama ile iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe mkubwa uliundwa upya Zanzibar na kuonyeshwa ndani ya Beit al-Ajaib. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba hilo iliporomoka. Tukio hilo lilikumbusha kwamba hata kumbukumbu kubwa huweza kuangukiwa na kuta.

Katika mtepe, kamba haikuwa pambo. Ndiyo iliyoshika mbao zisiachane baharini. Mfano wake ukifungwa kamba isiyo na kipimo, yule atakayetaka kujifunza chombo hicho miaka 100 ijayo atakuwa amepotoshwa, na hatakuwapo nahodha wa kumsahihisha.

Majahazi ya mbao nayo yanazidi kupungua katika bandari ya kale ya Mombasa. Kijahazi kinachonunuliwa leo Shanzu huenda kesho kikawa shahidi katika nyumba ya mtu wa mbali. Kwa hivyo ni heri mnunuzi ainame kidogo, azitazame kamba kabla ya kuulizia bei, na amlipe zaidi fundi aliyezisokota kwa kipimo.