Barua za Mchoraji Caldecott

Wengi wetu tukiisha kusoma barua huitupa. Napenda kueleza faida ya kuitunza.

Randolph Caldecott, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1846, alikuwa karani wa benki, kisha akawa mchoraji wa vitabu vya watoto. Katika barua zake kwa rafiki alitia vijipicha vya kuchekesha. Alifariki mwaka 1886, lakini barua zilitunzwa, na mwaka 1976 zikapigwa chapa kitabu kizima.

Beatrix Potter, aliyependa sana kazi yake, alimpelekea mtoto mgonjwa barua ya picha mwaka 1893. Mtoto aliiweka, baadaye Potter akaiazima, akapata kitabu chake cha sungura Peter.

Basi, ndugu wasomaji, barua ya rafiki tusiitupe. Akiba haiozi.