Ujue Udongo wa Kiwanja Chako Kabla ya Kuchimba

Watu wengi wanunuapo kiwanja hutazama mambo matatu, yaani bei, barabara na hati ya umilikaji. Yafaa watazame na la nne, nalo ni udongo. Mtu aweza kununua kiwanja cha futi 50 kwa 100 kwa akiba ya miaka mingi, akajenga nyumba nzuri ya mawe, na baada ya masika mawili akaona ufa umeanzia pembe ya dirisha ukapanda mpaka juu. Hapo fundi hulaumiwa, na pengine fundi hana kosa.

Mji wa Nairobi ni mfano mzuri, kwa kuwa umekaa mpakani mwa udongo wa namna mbili. Upande wa magharibi na kaskazini, kuelekea Kiambu, kuna udongo mwekundu wenye kina kirefu. Upande wa mashariki na kusini, kuelekea Embakasi na mbuga za Athi, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Yote miwili imetokana na mawe ya volkano, na tofauti yake imeletwa hasa na maji. Penye miinuko maji hupita yakaenda zake, na kutu ya chuma inayobaki ndiyo inayoupa udongo wekundu wake. Mbugani maji hutuama, na huko ndiko hufanyika mfinyanzi ule mweusi.

Chembe za mfinyanzi huo ni kama vibamba vyembamba mno vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Maji huingia katikati ya vibamba, na udongo hufura. Ukikauka hunywea, ukapasuka nyufa ambazo mtu aweza kutia mkono ndani. Basi nyumba ikijengwa juu yake, ardhi iliyo chini ya kuta za nje hulowa kwanza, na ile ya katikati hubaki kavu. Upande mmoja huinuliwa, mwingine hubaki chini, na ukuta hauna budi kupasuka. Dawa yake ni kuuondoa udongo mweusi mpaka kufikia mwamba au muramu mgumu, kisha kujaza muramu na kuushindilia tabaka kwa tabaka. Ikiwa kina ni kirefu mno, muulize mhandisi. Maji ya paa yakingwe kwa mifereji yapelekwe mbali na msingi, wala miti mikubwa inywayo maji mengi isipandwe karibu na ukuta.

Choo nacho chataka udongo wake. Tangi la choo cha maji halimalizi kazi peke yake. Maji yatokayo humo lazima yanyweke ardhini. Udongo mwekundu huyanywa vizuri. Mweusi ukilowa hujifunga, na wakati wa mvua maji machafu hupanda juu yakasimama uani. Mwenye kiwanja cha namna hiyo afadhali ajenge tangi lisilovuja, na kulipa gari la kunyonya maji taka. Choo cha shimo hapo chataka kuzungushiwa mawe ndani ili kisibomoke, na sakafu yake iinuliwe.

Pwani shida ni kinyume chake. Mawe ya matumbawe hubeba nyumba vyema, lakini yamejaa mianya, na uchafu wa choo hupita humo upesi hata kufika kisimani bila kuchujwa. Huo ndio mlango wa kipindupindu na homa ya matumbo. Watu hushauriwa kuweka futi 100 kati ya choo na kisima, lakini penye matumbawe hata umbali huo hautoshi kuaminiwa, na maji ya kunywa yachemshwe.

Kwa mkulima mambo hugeuka. Ule udongo mweusi unaochukiwa na wajenzi una rutuba nyingi, na kwa kuwa haupitishi maji upesi, ndio uliofaa mpunga wa Mwea tangu miaka ya 1950. Mwenye kupanda sukuma wiki atengeneze matuta yaliyoinuka, na alime wakati udongo haujawa matope wala jiwe. Udongo mwekundu hulimika kwa urahisi, lakini penye mvua nyingi rutuba huoshwa, na penye mteremko udongo wenyewe huchukuliwa. Huo wataka samadi na makinga maji.

Kupima si kazi ya wataalamu peke yao. Twaa udongo wenye unyevu, uufinyange uwe kama kamba, kisha uikunje iwe pete. Isipokatika, huo ni mfinyanzi. Tena chimba shimo la futi mbili, lijaze maji jioni yanyweke, ulijaze tena asubuhi na kusimamisha kijiti chenye alama. Ikiwa maji yangalipo siku ya pili, hapo si mahali pa kumwagia maji ya choo. Na ukinunua kiwanja mwezi wa Januari, hali vumbi latimka, waulize majirani maji hufika wapi mwezi wa Aprili.